Chumba cha Chini Kina Mwenyewe

Siku moja naikumbuka kuliko Idi zote nilizowahi kuswali, mwanangu. Ni siku niliyoketi mbele ya kadhi wa Mutsamudu, umri wangu miaka ishirini na saba, na kilemba kipya kichwani. Barua yako ndiyo iliyonirudisha kwenye mkeka ule. Unaniambia kwamba huko chuoni kwenu Dar es Salaam mnafundishwa kuusoma Uislamu kwa njia ya historia na utamaduni: si kitabu peke yake, bali pamoja na watu waliokishika kitabu hicho, jinsi walivyooana, walivyozikana, walivyoachiana nyumba. Na unaniuliza, babu, je, njia hii haitanipunguzia imani?

Sitakujibu kwa aya, maana siku hizi aya unazijua kunishinda. Nitakujibu kwa kosa langu. Majuto ni mjukuu, nawe ni mjukuu wangu, basi yapokee.

Ulikuwa wakati wa mamluki, wale askari wa Kizungu wa kukodiwa waliokuja visiwani kwetu kuangusha serikali kisha wakasahau kwenda zao. Walivaa nguo nyeusi, walisimama uwanja wa ndege na kwenye njia panda, na sisi watu wa Moroni tulizoea kusema kwa sauti ya chini hata tulipokuwa tukizungumzia samaki. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka nchi za Waarabu, miaka mitano ya sheria na hadithi za Mtume. Watu wakaanza kuniita Fundi. Wewe uliyekulia kwa Waswahili utadhani nilikuwa seremala, lakini kwetu Ngazija fundi ni mwalimu wa dini, na jina hilo halipewi kijana ovyo. Mimi niliitika haraka kuliko ilivyofaa.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la isnadi: nani kasikia kwa nani, naye kasikia kwa nani, mpaka mwanzo wa maneno. Niliweza kukaa asubuhi nzima nikimpima mtu mmoja katika mnyororo ule, kama alikuwa mkweli, kama alikutana kweli na yule aliyedai kusikia kwake. Liweke akilini hilo, tutalirudia.

Nilipata kazi katika ofisi ndogo pale Moroni iliyokusanya maandiko ya kale, nikatumwa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, kunakili karatasi zilizokuwa majumbani. Mkubwa wangu alinipa daftari na kinasa sauti, akasema nirekodi pia maneno ya wazee. Uwanjani askari mmoja mwenye ndevu za manjano alikigeuzageuza kile kinasa sauti, akaniuliza nataka kumrekodi nani na kwa nini. Nikamwambia vikongwe. Hakuamini, akakiweka chini ya meza yake. Nisikufiche, mwanangu, sikusikitika. Moyoni nilisema, afadhali, maneno ya vikongwe yana faida gani? Karatasi inatosha.

Mutsamudu nilipokewa na bibi mmoja wa mji wa kale, Koko Zaliha. Koko ni bibi, nasi sote tulimwita hivyo. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, mlango wa nakshi, na uchochoro ulikuwa mwembamba hata wanawake wawili wenye shiromani zao, zile nguo pana za kujitanda, wakikutana sharti mmoja ajibanze ukutani. Kule nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia nyumbani kwa mkewe, na mkewe ameipata kwa mama yake.

Alinilaza chumba cha chini, karibu na mlango. Kilikuwa chumba kidogo kisafi kupita kiasi. Kitanda kimetandikwa, mkeka wa kuswalia umekunjwa, kanzu iliyopigwa pasi imetundikwa msumarini wala si yangu. Na pembeni mtungi wa maji. Kila asubuhi Koko aliyamwaga maji ya jana, hata kama sikuyagusa, akatia mapya.

Siku ya pili nilimwuliza, "Koko, chumba hiki cha nani?"

"Kina mwenyewe," akasema, akaendelea kufuta sakafu.

Nikadhani ananiambia kwa adabu nisivunje kitu. Sikuuliza tena. Nililala humo siku tisa, nikioga kwa maji ya mtu na kutazama kanzu ya mtu, na mimi ndiye niliyekuja kutoka Moroni kwa ajili ya kuuliza.

Karatasi ya nyumba alinipa siku ya saba, ndani ya kopo la biskuti. Ilikuwa ya Kiarabu, hati nzuri, wino wa kahawia. Ilieleza kwamba Mwanahawa binti fulani ameinunua ardhi ile na kujenga, ikataja mipaka na mashahidi. Chini mchwa walikuwa wamekula mistari mizima. Nilinakili kila herufi iliyobaki, hata madoa niliyachora. Koko alikaa mbele yangu akichambua mchele, akanitazama mpaka nilipofunga kalamu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Koko."

"Umesoma karatasi. Nyumba bado hujaisikia. Kaa mpaka Alhamisi, tuna hitima ya Mwanahawa. Wanawake wote wa tumbo lake watakuja, na masharti ya nyumba yatasemwa. Utakaa nje ya pazia usikilize."

Nikamwambia nina ndege ya Jumatano. Ilikuwa kweli, lakini ndege ya Jumamosi pia ilikuwepo. Ukweli wenyewe ni kwamba nilimdharau. Wanawake, ubani, pazia, kumsomea mfu kila mwaka. Kule nilikosoma haya yote tuliyaweka kapu moja tukayaita mila, na mila tuliifagia kama takataka. Koko hakubishana. Alinifungia mkate wa njiani, akaniombea dua. Nyumba njema si mlango, mwanangu, nami niliusifu mlango na nakshi zake nikaenda zangu.

Sasa nikutajie mtu wa pili. Moroni, nyuma ya msikiti karibu na bandari ya zamani, kulikuwa na mzee aitwaye Saindu, mshona magodoro ya sufi. Alikuwa mmoja wa wale waliorudishwa kutoka Majunga, kule Bukini, kisiwa kikubwa cha kusini yetu, baada ya Wangazija kuuawa na nyumba zao kuchomwa. Mji mzima uliwapachika jina la ile ndege iliyowaleta, jina la kejeli kidogo, nao walilibeba. Saindu alishona magodoro ya maharusi, mazito, ya rangi, naye mwenyewe alilala juu ya magunia kwenye ghala la mtu. Niliporudi tu alinijia.

"Fundi, nasikia ulikuwa Mutsamudu kwa Zaliha."

"Unamjua?"

"Ni dada yangu, tumbo moja. Baba alinipeleka Majunga nikiwa bado nalilia kunyonya, na mama akabaki Mutsamudu. Sikurudi ila mwaka wa tatu huu, na shati mwilini tu."

"Mbona huendi kwake?"

Alicheka bila raha. "Niende na nini? Nitokee mlangoni miaka hamsini imepita, mikono mitupu, nimwambie nini mumewe?" Kisha akasema polepole, "Wewe umesoma karatasi. Niambie, ile nyumba inanitambua?"

Lisikilize vizuri swali lake, mwanangu. Hakuniuliza mafungu. Aliniuliza kama nyumba inamtambua. Mimi nikamjibu swali lile nililolijua. Nikamwambia karatasi inaonyesha milki ya kawaida. Mama yenu amekufa, basi ni mirathi, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Nikamwandikia na kutia saini, kwa mwandiko wangu mzuri. Jina la Fundi niliandika kubwa.

Akaenda nayo kwa kadhi.

Mwezi haukuisha, nikaitwa Mutsamudu kuitetea fatwa yangu. Nilikwenda nikiwa na furaha, nisikudanganye. Nilinunua kilemba.

Kadhi alikuwa mzee mwembamba, mwenye kukohoa, anayefuta miwani kwa ncha ya kanzu. Saindu alikaa upande mmoja, macho chini. Koko Zaliha aliingia na wanawake watatu, shiromani zimewafunika hadi kwenye nyusi, akakaa upande wa pili. Hakumtazama nduguye, wala nduguye hakuthubutu kumtazama. Watu hawa wawili walikuwa hawajaonana tangu utoto, na wa kuwakutanisha mahakamani nilikuwa mimi. Hapo ndipo kilemba kilipoanza kuwa kizito.

Kadhi alisoma fatwa yangu yote. "Mwandiko mzuri," akasema. Kisha akamgeukia Koko, akamwita kwa jina la heshima la mabibi wa kwetu. "Bweni, tusomee masharti."

Koko alifunga macho, akaanza kwa sauti ile ile waliyoizoea kwenye hitima:

"Nimesikia kwa mama yangu Moinaesha, naye kasikia kwa mama yake Fatima, naye kasikia kwa mama yake Mwanahawa aliyeijenga, amesema mbele ya imamu na majirani: nyumba hii nimeiweka wakfu kwa ajili ya Mungu. Haiuzwi wala hairithiwi. Ufunguo ni wa mabinti wa tumbo langu. Na mwana wa kiume wa tumbo langu akirudi, awe amerudi na shehena au na nguo ya mwilini, chumba cha chini ni chake. Sahani yake itangulie, wala asiulizwe ataondoka lini. Na asiitwe, maana mwenye nyumba haalikwi kwake."

Wale wanawake watatu, kila mmoja wa nyumba nyingine, wakayasema yale yale mmoja mmoja, kila mmoja akianza na mama yake. Mmoja alipoteleza neno, kadhi aliinua kidole, naye akalirudia sawasawa kabla hajaambiwa.

Mwanangu, mimi niliyekuwa bingwa wa isnadi nilisikia mnyororo ule ukipita mbele yangu, kiungo kwa kiungo, kila mtu amekutana na aliyesikia kwake, tena amezaliwa naye. Na niliukimbia wiki tatu nyuma kwa sababu ulikuwa unasemwa na wanawake wenye harufu ya jiko. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiitaja masikio yanapata moto.

"Katika madhehebu yetu ya Shafii," kadhi akaniuliza, "wakfu huthibiti kwa habari iliyoenea?"

"Huthibiti, Fundi," nikajibu, maana fundi hasa alikuwa yeye.

"Najua utaniambia wanazuoni wamehitilafiana juu ya masharti yake. Hitilafu hiyo ungeitaja kabla hujatia saini. Kwa nini hukusikiliza hitima?"

Na hapa, badala ya kukiri, nilitafuta mchawi. Nikasema mamluki walininyang'anya kinasa sauti uwanjani.

Kadhi akavaa miwani, akanitazama. "Na masikio nayo waliyachukua?"

Watu walicheka kwa adabu, viganja midomoni. Yeye hakucheka. Akasema, "Yule Mzungu akiona maandishi yetu hawezi kuyasoma, na anajua kwamba hawezi. Wewe uliweza kuyasoma, ukadhani ndiyo yote. Karatasi hii imeliwa na mchwa mistari ya chini. Wanawake hawa hawajaliwa na mchwa. Mtume wetu hakuteremshiwa dini juu ya mti, mwanangu. Aliteremshiwa katikati ya watu, wenye mama na nyumba na njaa. Ukitaka kuijua dini, na watu pia uwasome."

Wakati huo tukasikia mkeka unachakarika. Saindu alikuwa amesimama. Alichukua kifurushi chake akatoka, na wote tukaelewa. Chumba kilikuwa chake siku zote, sahani ilikuwa yake, na yeye alikuwa amemburuta dada yake mbele ya hakimu kukidai.

Koko Zaliha alijifunika uso.

"Hukumu nitaiandika baadaye," kadhi akaniambia. "Wewe ndiye uliyempitisha njia hii. Nenda kamrudishe."

Nilimkuta juu, njia ya Patsy, kijiji kilicho kilimani nyuma ya mji, ambako alikuwa na jamaa wa upande wa baba. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, mbele ya shamba la mlangilangi, wanawake wakichuma maua na kujifanya hawamwoni. Nilikuwa nimepandisha mlima ule mbiombio na hoja zangu zote: maana ya wakfu, haki ya mnufaika, namna ya sulhu. Nilipoyaona mabega yake yalivyoinama, hoja zote zikaniishia.

"Majunga nilifukuzwa na watu wasionijua," akasema. "Hapa nimejifukuza mwenyewe. Rudi, kijana. Huna kosa, nilikuuliza ukanijibu."

Nikakaa chini kwenye vumbi, na kanzu yangu nyeupe. "Mzee Saindu, mimi nililala kitandani kwako siku tisa."

Akageuka.

Nikamweleza. Sikumweleza sheria. Nilimweleza mkeka uliokunjwa, kanzu iliyotundikwa msumarini, yenye mikono mirefu kama yake. Nikamweleza mtungi, na maji yaliyomwagwa kila asubuhi, hata yasipoguswa. "Nilimwuliza chumba cha nani. Akaniambia kina mwenyewe. Wale wanawake wameniambia nilipokuwa natoka: amejua kwamba umerudi Moroni tangu siku ile ya ndege. Miaka mitatu anabadilisha maji. Hakukuita kwa sababu masharti yamemkataza kukualika kwako."

Aliziba macho kwa kiganja. Kisha akaniuliza, kama mtoto, "Kila siku?"

"Kila siku niliyokuwapo."

Akasimama. Nilitaka kumbebea kifurushi, akakataa.

Tulipofika uchochoroni mlango ulikuwa wazi. Koko alisimama ndani, birika mkononi. Nilitarajia maneno makubwa, mwanangu, nilikuwa hata nimeandaa dua. Yeye akasema tu, "Nawa mikono. Wali unapoa."

Saindu akanawa. Akaingia chumba cha chini, akatazama kanzu, akatazama mtungi. Akaketi kitandani, akabonyeza godoro kwa ngumi, huku na huku, kama afanyavyo mshona magodoro yeyote asiyejua la kufanya na mikono yake.

"Dada," akasema, na lilikuwa neno la kwanza alilomwambia, "godoro hili limeshonwa vibaya."

"Basi lishone," akasema Koko, na ndipo alipolia.

Alilishona. Akaishi mle chumbani mpaka Mungu alipomchukua, na hakuna aliyemwuliza ataondoka lini.

Mimi nilirudi kwa hitima ya mwaka uliofuata. Nilikaa nje ya pazia nikasikiliza mwanzo mpaka mwisho, na Koko akaniamuru niandike. Nilipomaliza aliniuliza nimeandika jina la nani juu. Nikamwambia la Mwanahawa. "Anza na langu," akasema. "Umesikia kwangu."

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiogope kusoma historia ya dini yako, wala usiogope kuuliza watu waliishije nayo. Imani haipungui kwa kujua kwamba dini ilipitia mikononi mwa watu; yangu iliongezeka siku ile, na kiburi ndicho kilichopungua. Lakini jihadhari na upande wa pili pia. Nasikia siku hizi wapo wanaokwenda kwa vikongwe na vinasa sauti vizuri, wakachukua maneno yote, na bado hawakusikia, kwa sababu wamekwenda kuandika juu ya watu wala hawakukaa na watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kunachosha kiuno. Ukiambiwa subiri Alhamisi, subiri. Ukiona chumba kisafi kisicho na mtu, uliza ni cha nani, na ukijibiwa nusu, kesho uliza tena. Mtu akikuuliza swali, mjibu lake, usimjibu lile ulilofaulu kwenye mtihani. Na ukikosea usitafute mamluki wa kumsingizia, maana hata akikunyang'anya yote, masikio hukuachia.

Mungu akupe elimu yenye masikio, mwanangu. Akupe walimu wa kitabuni na walimu wa jikoni, na akupe adabu ya kuwasalimu wote kwa salamu moja. Akufungulie nyumba ambazo hukualikwa kwa sababu ni zako. Na siku utakapokuja Mutsamudu, mjukuu wa Koko Zaliha ndiye mwenye ufunguo sasa. Hitima bado inasomwa. Kaa nje ya pazia, toa kalamu, na ukitaka kuandika masharti ya nyumba ile, anza hivi: nimesikia kwa babu yangu, naye kasikia kwa Zaliha.